Walitaka Nitaje Jina

Naitwa Leokadia, mtoto wa wakulima wa ulezi upande wa Matai. Nilikuwa msichana mwenye nguvu. Kwenye matuta kaka zangu hawakuniacha nyuma. Kalisto alinioa mwaka ule tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Tuliahidiwa zahanati. Nilipopata mimba, ilikuwa bado msingi tu ulioota majani.

Uchungu ulinishika nikipalilia shamba la kijiji. Kesho yake mtoto alikuwa bado amekwama, na mkojo umeziba. Aliyekuwa akinizalisha ni mama mkwe.

"Mtaje mwanaume uliyetembea naye," alisema. "Mtoto hatoki mpaka umtaje."

"Mama, sina mwanaume mwingine."

Akanichapa mapajani. Nikamwita mume wangu, aliyekuwa mlangoni anasikia yote. Kalisto akasema, "Mtaje tu, upone." Kisha akaenda mkutanoni.

Baba yangu alipopata habari alikuja na kaka zangu na machela ya miti. Walinibeba hadi barabarani, tukapata lori la mahindi mpaka Sumbawanga. Daktari alimtoa mtoto amekwisha kufa, ngozi inabanduka.

"Angewahishwa, angelia," aliniambia.

Walipotoa mpira walioniwekea wa kupitishia mkojo, mkojo ukawa unatiririka wenyewe, nikiwa nimelala, nikiwa nimesimama. Niliporudi kwa Kalisto nilitandikiwa gunia bandani kwa mbuzi. Mama mkwe aliwaita majirani waje waone malipo ya uzinzi. Wenzangu walinifukuza kisimani. Mapaja yaliungua, yakatoka vidonda, nzi wakajaa. Vidonda havijakauka, Kalisto akaleta mwanamke mwingine.

Baba akanirudisha nyumbani. Mama alinifulia matambara kila siku, bila kunung'unika.

Zahanati ilipofunguliwa hatimaye, aliletwa mkunga kutoka Mbeya, dada Tumaini. Alipita nyumba kwa nyumba akiulizia wajawazito, akafika hata kwa wazazi wangu. Kwangu aliingia bila kuziba pua, akakaa karibu.

"Hii siyo laana," alisema. "Kichwa cha mtoto kilibana kibofu muda mrefu, kibofu kikatoboka. Tundu hilo hushonwa."

Alinipeleka mwenyewe hospitali. Mara ya kwanza nilishonwa, nikaamka nimelowa. Siku hiyo nilitamani kufa. Waliporudia, asubuhi shuka lilikuwa kavu. Nililipapasa kote, siamini.

Niliporudi kwa wazazi wangu, Kalisto alikuja kunichukua.

"Mama anasema sasa umesafika."

"Mwambie sikuwa mchafu," nikamjibu, nikaendelea kuchambua maharage.

Sikupata mtoto mwingine. Lakini niko hai, na ninakaa kanisani katikati ya watu. Namshukuru Mungu, nawashukuru mama yangu, dada Tumaini na kaka zangu walionibeba mabegani.

Nanyi akina mama mnaonisikiliza, binti akishikwa na uchungu asubuhi, jua likaanza kushuka hajajifungua, msimuulize habari za wanaume. Waiteni hao wanaume waje wabebe machela.