Mfuko Uliofichwa Mkwe Asiuone

Kuugua nakubali. Kuzikwa nikiwa hai sikukubali, na sitakubali.

Ilianza homa na kuhara, kwetu Kwihara, nikasema yatapita. Siku niliyoanguka nikichambua karanga ndipo wakanileta hospitali mjini Tabora. Presha ilikuwa imeshuka mpaka mashine inaitafuta inaikosa. Daktari akasema ugonjwa umeingia kwenye damu, dripu za maji peke yake zimeshindwa, na figo zinaelekea kufa kwa sababu damu haizifikii vizuri. Wakaniwekea dawa ya kubana mishipa, inaingia kidogo kidogo kwa mashine, ili presha ipande. Vidole vyangu vikawa baridi kama chura.

"Bibi," muuguzi akaniambia, "sasa tunangoja mkojo. Ukija, figo zako bado zipo."

Basi mkojo wangu ukawa habari ya ukoo mzima. Ulikuwa upite kwenye mpira uingie kwenye mfuko ulioning'inia chini ya kitanda, peupe kabisa.

Mchana ule mkwe wangu, mume wa binti yangu, akaja kuniona. Kwetu mkwe haingii chumbani kwangu. Hutoa shikamoo yake akiwa nje, nami huitikia marahaba nikiwa ndani. Mdogo wangu aliposikia yuko njiani akaruka.

"Dada, atauona mfuko! Uso tutauweka wapi?"

Akaupandisha mfuko kitandani, akaufunika na blanketi.

Mkwe akasimama mlangoni, akausalimia ukuta, akarudi kukaa kwenye benchi nje. Baadaye kaka yangu mkubwa akafunua blanketi, akachungulia. Mfuko mkavu.

"Figo zimekwisha," akamnong'oneza mdogo wangu. "Tumrudishe akafie nyumbani."

Mdogo wangu akaangua kilio. Mimi nilikuwa dhaifu, lakini kiziwi sikuwa.

"Nani afe? Niitieni muuguzi!"

Muuguzi akaja, akainua blanketi, akashika kiuno. "Nani kauweka huu juu? Tangu lini mkojo ukapanda mlima?" Akauning'iniza tena chini, akaunyoosha mpira.

Mimi sikuweza kuinama nitazame. Na wale wawili, walishaanza kunililia, macho yao sikuyaamini tena.

"Mwiteni mkwe."

Akaja, kichwa kakigeuzia dirishani.

"Baba, tazama mfuko. Uniambie kweli."

"Mama, siwezi. Ni aibu."

"Kunizika utaweza, mkojo wangu kuutazama huwezi?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka mpaka akakohoa. Mkwe akachuchumaa.

"Upo, mama. Kidogo. Mweusi kama chai ya rangi."

"Unateremka?"

"Unateremka."

Muuguzi akasema dawa inaendelea, hakuna wa kuhamishwa hapa. Kaka akaanza kunung'unika kwamba nimemdhalilisha mkwe mbele za watu. Nikamwambia asogee, anamzibia mkwe mwanga wa kuutazamia mfuko.