Milango Chini ya Kreni

Wageni wakija kwangu Mtawanya na kusikia kwamba kazi yangu ni kuendesha kreni, wengi huniuliza kama siogopi urefu. Siogopi. Mkono wa kreni ndio unaokwenda juu. Mimi nabaki chini, ndani ya kibanda changu, nimekaa kwenye kiti kama dereva yeyote. Ninachoogopa ni ardhi.

Nilizaliwa Njombe, kwenye udongo mwekundu ambao jua likiupiga unakuwa kama tofali. Nikaja kusini kumfuata mume wangu, mwalimu wa sekondari, na baada ya kuhangaika kidogo nikapata kazi kwenye kampuni ndogo ya kukodisha mitambo. Huku nikakuta mchanga, na chini ya mchanga maji. Pengine unakanyaga pakavu kabisa, ukichimba kwa kisigino tu, tope. Kreni kabla ya kunyanyua chochote hutoa miguu minne ya chuma, miwili kila upande, na kila mguu hukanyagishwa juu ya mbao nene, ili uzito usambae na usitoboe ardhi. Kibandani nina pimamaji, kile kioo chenye kipovu. Kipovu kikitulia katikati, mtambo umekaa sawa. Kikianza kutembea, ujue kuna mguu unazama, na ukichelewa kushusha mzigo, mtambo mzima unaufuata.

Siku ninayoisimulia ilikuwa mwishoni mwa masika. Tulikuwa tunarudi mjini kutoka upande wa Mnazi Bay, ambako tulikwenda kushusha jenereta. Kwenye kreni tulikuwa wawili: mimi na msimamizi wangu, Mmakua mnene mwenye utani mwingi, ambaye ndiye aliyekuwa ananielekeza kwa mikono kila ninaponyanyua. Mbao zetu zilikuwa kwenye lori lililotangulia, na kwa wakati ule nadhani lilikuwa limeshafika mjini.

Tukakuta barabara imefungwa na watu. Mahali pale barabara hupita juu ya tuta, na chini yake kuna mkondo wa maji ya chumvi unaoingia kutoka baharini katikati ya mikoko. Lori la saruji lilikuwa limeteleza likaanguka kwa ubavu, kichwa kimelala mkondoni. Wanaume wa kijijini walikuwa wameshaitoa mifuko yote ya saruji. Lakini dereva alikuwa bado mle. Mlango ulikuwa umembana mguu, naye amekaa ndani ya maji, ameshika usukani kwa mikono miwili.

Msimamizi aliteremka, akaingia majini na viatu vyake. Aliporudi hakuwa na utani wowote.

"Maji yanajaa," aliniambia. "Wanasema walipomkuta yalikuwa kwenye magoti. Sasa yamefika kiunoni."

"Msaada umeitwa?"

"Umeitwa. Unatoka mjini."

Tulitazamana. Kutoka mjini kwa barabara ile, baada ya mvua za masika, bahari ingefika kwanza.

Nilisogeza kreni mpaka karibu kabisa na ukingo, kwa sababu mzigo ukiwa karibu mtambo hauchoki sana. Nikatoa miguu. Miwili ya upande wa juu ilikanyaga katikati ya barabara, pagumu. Miwili ya upande wa mkondo ikakanyaga bega la tuta, juu ya vile visahani vidogo vya chuma tunavyotembea navyo. Msimamizi akafunga mikanda kwenye kichwa cha lori, akanipa ishara. Nikavuta taratibu. Mikanda ilipokaza tu, kipovu kikaondoka katikati. Nilitazama nje, nikaona mguu wa mbele unaingia ardhini polepole kama kijiko kinavyoingia kwenye uji.

"Shusha!" msimamizi alipiga kelele. "Shusha, shusha!"

Nikashusha. Chini kule yule dereva alidhani tumekata tamaa. Alikuwa mtu mzima, mwenye ndevu za mvi. Sikumsikia vizuri kwa sababu ya injini, lakini niliizima na hapo nikamsikia.

"Dada," alisema, "usiniache."

Nilimwambia, "Siendi popote, kaka," kisha nikateremka, kwa sababu nisingeweza kuendelea kumtazama nikiwa nimekaa.

Palikuwa na mama mmoja amesimama karibu na tairi langu. Alikuwa wa makamo, amejifunga kanga kifuani na nyingine kichwani, mikono yake ina utomvu wa mihogo. Aliniuliza, bila salamu wala nini, "Mnataka kitu gani?"

"Mbao, mama. Mbao pana na ngumu, za kuweka chini ya miguu hii. Ardhi haitubebi."

"Upana gani?"

Nikatanua mikono. Akaitazama ile nafasi kati ya mikono yangu.

"Kama nlango," akasema.

Sikuelewa mara moja. Akageuka akaondoka akikimbia, kanga ya kichwani ikamdondoka na hakuirudia. Nyumba zilikuwa si mbali, nyuma ya mikorosho. Nikasikia nyundo. Muda si muda nikamwona anarudi, yeye na binti yake, wamejitwisha mlango vichwani. Ulikuwa mlango wa mbao za mkongo, mzito, wa zamani, bawaba zake bado zinaning'inia na misumari.

"Huu hapa," alisema akihema. "Nlango wa mbele."

Watu walipouona ule mlango ukilazwa chini, nadhani ndipo wote walipoelewa. Hakuna aliyetoa hotuba. Waliondoka tu, wanaume kwa wanawake, na nyundo zikaanza kusikika kila upande. Ikaja milango ya vyumba, mlango wa duka, mlango wa banda la mbuzi ambao msimamizi aliukataa kwa sababu ulikuwa wa mabanzi. Kisha akaja imamu wa pale. Msikiti wao ulikuwa unajengwa upya, na mbao za kuezekea, zile nene za mbili kwa sita, zilikuwa zimepangwa uani zikisubiri fundi.

"Chukueni zote," alisema.

Msimamizi alisita. "Shehe, zinaweza kuvunjika."

"Msikiti unaweza kungoja," imamu akajibu. "Huyu hawezi."

Tulifanya kazi kama siafu. Tuliondoa tope la juu kwa majembe, tukalaza mbao za msikiti zimebanana, tukalaza nyingine juu yake kwa kukingama, na juu kabisa tukaweka milango, kisha visahani vyetu vya chuma. Msimamizi alipiga magoti kila upande akihakikisha hakuna uwazi chini. Wakati huo wote vijana wawili waliogelea hadi kwa dereva wakamshikilia mabegani, wakiongea naye. Maji yalikuwa yamefika kifuani. Nilisikia mmoja anamwuliza kwao ni wapi, naye anajibu, Masasi, na kijana anamwambia ah, basi sisi ni majirani, kana kwamba wamekutana sokoni.

Nikapanda kibandani. Mimi ni Mkristo, na nilisali nilivyofundishwa na mama yangu. Nje imamu alikuwa ameinua viganja, na wanawake walikuwa wanaitikia amina. Nikakandamiza miguu. Mbao zililia. Milango ikapinda kidogo, ikatulia. Kipovu kikaja katikati, kikakaa.

Msimamizi akainua kidole chake kimoja, polepole. Nikavuta.

Mlango mmoja ulipasuka. Ulitoa mlio kama wa bunduki, na watu wakapiga mayowe. Nilitazama pimamaji: kipovu kilisogea unywele mmoja tu, kikasimama pale. Macho yangu yakahamia kwenye mkono wa msimamizi. Kidole chake kilikuwa bado juu. Angeweza kukunja ngumi, na ningeshusha, na nisingemlaumu. Hakukunja. Nikaendelea kuvuta, na kichwa cha lori kikainuka kutoka majini kikimwaga tope, kimo cha paja, si zaidi. Hicho kilitosha. Wale vijana walizama, wakaibuka wakiwa naye.

Kelele zilizotoka pale sijawahi kuzisikia tena. Vigelegele, takbiri, watu wanalia. Mimi sikuweza kushangilia kwa sababu nilikuwa bado na mzigo hewani. Nilishusha taratibu mpaka mikanda ikalegea, ndipo nikazima injini. Yule mama ndiye aliyenifungulia mlango wa kibanda. Alinishika mkono akanivuta nje, akanikalisha chini barabarani, akanimwagia maji kichwani kutoka kwenye dumu.

"Pole mwanangu," alisema. "Kazi yako nzito."

Dereva alipelekwa hospitali kwa gari la mtu aliyekuwa akipita. Mguu ulivunjika mahali pabaya, lakini haukukatwa. Anachechemea hadi leo, na hashiki usukani tena. Ana genge la matunda huko kwao Masasi. Kila Idi ananipigia simu, na kila Krismasi pia, asije akakosea dini yangu.

Milango ilirudi kwa wenyewe siku ile ile, mingine imepinda, mingine imepasuka, na usiku ule hakuna uliopachikwa. Tajiri wetu alipopata habari alimtuma seremala na mbao, na Jumamosi iliyofuata mimi na mume wangu tukaenda pamoja naye. Nilikuwa na aibu. Nilimwamkia yule mama, shikamoo, nikamwomba radhi kwamba amelala na nyumba wazi.

"Marahaba. Kijiji kizima kililala wazi," akanijibu akicheka. "Hata kuku hakuibiwa. Nani angeiba, na kila mtu anamwona mwenzake kitandani?"

Mlango wake ulikuwa umebonyea katikati, mviringo wa kisahani chetu umejichora vizuri kabisa. Seremala alitaka kumwekea mpya. Mama alikataa katakata, akasema huo umeshajaribiwa.

Imamu naye alikuta mbao chache tu zimevunjika. Msikiti ukaezekwa kabla ya kiangazi kukolea, na tulialikwa, mimi, mume wangu na msimamizi. Nilikaa uani na akina mama, nikala pilau kwa mkono kwenye sinia lao, mimi ambaye kwa miaka nilikuwa nawaambia ndugu zangu Njombe kwamba huku nipo tu kwa ajili ya kazi ya mume. Mama yule aliniketisha ubavuni kwake. Kila mtu aliyeuliza mimi ni nani alijibiwa kwa mkato, "Wangu huyu."

Sasa mume wangu anakaribia kustaafu, na ndugu wanauliza tunarudi lini. Tumeshanunua kiwanja hapa hapa Mtawanya. Mwezi uliopita mama yule alikuja kukiona. Alivua ndara, akatembea mwanzo hadi mwisho peku, kisha akachutama akauchota mchanga akauacha umiminike kati ya vidole.

"Utaota muhogo," alisema. "Nitakuletea mbegu."

Aliileta, vipande vya miti ya muhogo, ameifunga mafungu kwa ukili. Tukapanda pamoja, jioni ikatukuta bado tunaongea.