Mama Kadi na neno alilolitafsiri kabla halijamfika

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Mama Kadi anapanda kwenda ghorofa ya pili, mkono wa kushoto ukiburuzika ukutani. Ngazi ni thelathini na nane. Siku hizi hazihesabu kwa sauti. Midomo tu ndiyo inayocheza.

Ofisini anavuta droo ya kabati la chuma, anachomoa kadi moja ngumu iliyogeuka rangi ya chai na kuilaza chini ya taa. Anainama mpaka pua inakaribia kugusa meza, lenzi ya kukuzia ikiwa mbele ya jicho la kulia. La kushoto halina kazi tena.

"B," anasoma. Lenzi inasogea. "L... i... n... d." Anainua kichwa. "Umeona? Neno la herufi tano tu, halienei. Nikiipata d, b imeshakwenda zake."

Anacheka peke yake. Wenzake wawili walio kwenye meza za jirani hawainui macho. Wameuzoea mzaha huo, na hawajui wafanye nini nao.

Mama Kadi ana miaka hamsini na minne na kazi yake ni kutunga kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. Aliingia katika ofisi hii akiwa na ishirini na nne, kuja kupiga taipu kadi ambazo wasomi walikuwa wakiziandika kwa mkono. Alipoanza kuwasahihisha kimyakimya, mhariri mkuu wa wakati ule alimpa kalamu na kumwambia aache taipu. Hakusomea chuo chochote. Hakuzaa pia, na ndipo lilipotoka jina lake la utani: wenzake walisema watoto wake ni kadi, na analea wapatao elfu kumi na tisa.

Kadi iliyo mezani aliiandika mwenyewe miaka ishirini na miwili iliyopita. Neno linaloongoza, ambalo watu wa kamusi huliita kidahizo, ni "blind". Chini yake zimepangwa maana saba.

Ya kwanza ni asiyeona, kipofu. Halafu ukuta usio na dirisha. Uchochoro usiotokea. Kona ambayo dereva haoni kilicho mbele yake. Imani au mapenzi yasiyouliza swali. Pazia la vibao la dirishani. Ya saba ni mlevi chakari, asiyejijua wala kujitambua.

"Hiyo ya saba niliiandika huku nacheka," anasema. "Nilimsomea kaka yangu siku alipokuja kunichukua kazini. Akasema, Wazungu nao wana mambo, pombe na macho vinahusiana nini?"

Kwenye pembe ya kadi, kwa wino mwekundu, kuna asili ya neno. Limetoka katika lugha za kale za kaskazini mwa Ulaya, na ndugu zake wanaishi hadi leo katika Kijerumani na Kiholanzi. Wataalamu wanakisia kwamba mzizi wake wa mbali ulihusu ukungu na kuchafuka, kama maji yaliyovurugwa, na kwamba huenda lina undugu na neno la Kiingereza la kuchanganya.

"Wakati ule niliona ni ya wataalamu tu, nikanakili nikaendelea," anasema. "Sasa ningeitwa mahakamani ningetoa ushahidi. Watu wanadhani upofu ni giza. Giza kwangu bado. Kinachotangulia ni mchanganyiko. Kiti na kivuli chake, mtu na ukuta nyuma yake, vyote uji mmoja."

Ugonjwa wake hospitalini huuita presha ya macho. Maji ndani ya jicho hujenga msukumo, msukumo unaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Hauumi. Huanza kula pembeni, ukija ndani polepole, na katikati hubaki safi kwa miaka mingi, kwa hiyo mwenyewe hajui. Kwa Mama Kadi pembeni kulikuwa kumekwisha kabla hajashtuka.

Dalili zilikuwapo, lakini kila moja ilipewa jina lingine. Alipojigonga bega kwenye mlango, alisema ni haraka. Alipomwaga chai ya jirani yake mezani, alisema ni uzee. Wenzake nao walikuwa na jina lao. Walikuwa wakimsalimia kwa mkono wakiwa ubavuni pake, naye anapita.

"Tulisema ameanza majivuno," anakiri mhariri mkuu wa sasa, mwanamume mpole anayefuta miwani yake kila anapokosa la kusema. "Nilimwambia mke wangu kabisa, yule mama siku hizi anajiona."

Mkono uliomgharimu zaidi ulinyooshwa miaka mitano iliyopita, msibani kwa kaka yake.

Kaka huyo, aliyempita kwa miaka miwili, alikuwa dereva wa lori. Asubuhi moja, jua likiwaka, aliingia barabara kuu kutoka njia ya vumbi bila hata kupunguza mwendo. Lori la mchanga lililokuwa likija kutoka kushoto kwake lilimpiga ubavuni. Mashuhuda walisema aliingia kama mtu asiyeona kitu. Askari aliyefika alisema yule alikuwa amelewa chakari. Hakuna aliyepima. Neno lilitoka pale barabarani likafika nyumbani kabla ya maiti.

Siku ya maziko, mjane wake alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukiwa ukutani. Mama Kadi aliingia akiwa ameinamisha kichwa. Wifi yake akamnyooshea mkono kutoka kando. Mama Kadi akampita, akaenda kukaa mwisho wa chumba.

"Nilimpita kama gogo linavyopita mtoni," anasema. "Chumba kizima kiliona. Mimi peke yangu ndiye sikuona."

Wifi hakumwuliza. Msibani hakuulizwi mambo. Lakini tangu siku hiyo simu hazikupokelewa. Mwezi wa pili Mama Kadi alipeleka mchele, akaambiwa mlangoni kwamba wenyewe wameshakula. Alidhani anachukiwa kwa sababu wifi alisikia ndugu wa mume wakimlaumu kwa ulevi wa marehemu. Miaka minne na zaidi ikapita hivyo. Mtoto wa kaka yake, ambaye alimbeba mgongoni na kumfundisha kusoma kwa kutumia kadi zilizoharibika, akaanza kujitegemea pasipo yeye.

Mwaka jana mwanzoni alianguka kwenye ngazi zile thelathini na nane akavunjika kifundo cha mkono. Daktari aliyemfunga alimwona akitafuta kalamu iliyokuwa kando ya mkono wake, akampeleka chumba cha macho. Huko wakapima, wakapima tena.

"Daktari wa macho akaniuliza, nyumbani kwenu nani mwingine ana tatizo hili? Maana linatembea kwenye damu. Nikasema hakuna. Kisha nikakumbuka kushoto."

Anamaanisha upande lilikotokea lori la mchanga.

"Nilikaa kwenye benchi la hospitali mpaka mfagiaji akaniambia mama, inua miguu. Kaka yangu hakulewa. Kaka yangu alikuwa anaelekea kwenye upofu huu wangu, na sisi tukamzika na ile maana ya saba."

Alijua pia jambo la pili, na hilo halikumpa usingizi. Mtoto wa kaka yake ana miaka ishirini na saba. Ni dereva wa lori kama baba yake.

Alikwenda kwa wifi yake mara mbili, akarudishwa. Mara ya tatu, miezi saba iliyopita, alikuwa na mwandishi wa makala haya, aliyekuwa akimfuatilia kwa habari ya kamusi na akajikuta anamshika mkono kuvuka mtaro.

Ni nyumba ya vyumba viwili, mlango wa bluu, ndoo tatu zimepangwa kwa ukubwa. Wifi mtu alitoka akifuta mikono yenye povu.

"Karibu," alisema. "Hapo hapo nje panatosha."

"Wifi, sikuja kwa maneno mengi. Nimekuja kwa ajili ya kijana."

"Kijana yupi? Yule uliyemsahau?"

Mama Kadi alianza kueleza. Alieleza vibaya, akarudia, akachanganya hospitali na barabara. Wifi alimsikiliza akiwa ameegemea mwimo wa mlango, uso mkavu. Iliposikika kwamba marehemu huenda alikuwa haoni pembeni, alisimama wima.

"Subiri. Alikuwa akijikwaa?"

"Mimi ninajikwaa. Yeye sikuwa naye. Ulikuwa naye wewe."

Wifi aliketi kwenye kizingiti taratibu, kama mtu anayeshuka kisimani.

"Alikuwa akiingia ndani anagonga kile kiti," alisema. "Kila siku kiti kile kile. Namwambia umelewa. Anasema mke wangu, sijalewa, pombe niliacha. Namwambia hebu nipumulie nikunuse. Ananipumulia, wifi. Mtu mzima, baba wa watoto, anainama ananipumulia. Sinusi kitu, na bado namwambia unajua kuificha."

Akafunika uso kwa mikono ile ile ya povu.

"Walipokuja kuniambia amekufa na pombe, nilisema ndiyo. Nilisema nilijua."

Mama Kadi alipapasa hewani mpaka akapata bega lake, akaketi naye kizingitini. Jirani aliyekuwa akianika nguo alijifanya haoni.

"Na ule mkono wangu?" wifi aliuliza hatimaye. "Hukuuona?"

"Sikuuona, wifi yangu. Wallahi sikuuona."

Ingekuwa hadithi ya kutungwa, ingeishia hapo. Lakini kijana alirudi safari siku iliyofuata, na wanawake hao wawili wakamweka kitako.

Kwanza alicheka. Akasoma kwa mbali maandishi madogo ya kwenye kalenda ya ukutani, bila kukosea. "Shangazi, macho haya? Mimi naona mbuzi akiwa kilomita mbili." Mama Kadi akamwambia hata yeye angemwona mbuzi huyo, kama mbuzi atakubali kusimama katikati ya barabara. Kijana akaacha kucheka.

Alipimwa wiki ile ile. Jicho la kushoto limeshapoteza karibu theluthi ya uwanja wake wa kuona. La kulia limeanza. Akapewa matone ya kutia asubuhi na jioni, maisha yake yote. Daktari alimweleza wazi: matone hulinda kilichobaki, kilichokwenda hakirudi. Kuhusu kuendesha malori, alimwambia aache.

Kijana aliikunja karatasi ya daktari mara nne, akaitia mfuko wa nyuma wa suruali, akaenda kupakia saruji.

"Nimwambie nini tajiri?" alijibu kwa simu alipoulizwa na gazeti hili, injini ikinguruma nyuma yake. "Nikimwonyesha ile karatasi, funguo anazichukua hapo hapo. Mama anakula kwenye usukani huu. Wadogo zangu wanasoma kwenye usukani huu. Nikifika njia panda nageuza shingo yote, kushoto na kulia, kama bundi. Mwambie shangazi asiwe na wasiwasi."

Shangazi ana wasiwasi. Wifi yake sasa anajua kila njia panda iliyopo kati ya ghala la saruji na nyumbani, kwa majina, na simu ikilia mchana huiangalia kwanza bila kuigusa.

"Zamani alikuwa na msiba tu," anasema Mama Kadi. "Mimi nimempelekea na hofu juu yake. Kuna siku najiuliza kama ningenyamaza. Halafu najiambia, ungenyamaza vipi na wewe kazi yako ni maana?"

Kazi hiyo nayo inamalizika. Mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi huu na hautarefushwa. Mhariri mkuu anasema alijaribu, kisha anafuta miwani. Kadi zote zitaingizwa kwenye kompyuta na vijana wawili wapya, na makabati yatauzwa kama chuma chakavu.

Wiki yake ya mwisho ofisini ameombwa apitie upya herufi ya B. Kuna nafasi ya kupunguza maana katika toleo jipya, na mhariri mkuu, akitaka kumfanyia wema, alipendekeza ile ya saba ifutwe. Mama Kadi alikataa.

"Waingereza wanalitumia hivyo, litabaki hivyo. Sifuti neno la watu kwa sababu limeniuma." Alichobadilisha ni maana ya kwanza. Aliliacha "asiyeona" mwanzoni, akaongeza maneno mawili baada yake kwa mwandiko mkubwa uliopinda: "au anayepungukiwa." Anasema hao ambao macho yao yanafifia hawakuwa na pa kukaa kwenye kamusi, kwa hiyo hata nyumbani hakuna aliyewatambua.

Ameanza kujifunza nukta nundu, maandishi ya vidoti vinavyosomwa kwa vidole. Mwalimu wake, asiyeona tangu kuzaliwa, anamwambia vidole vyake vimekufa kwa miaka ya taipu. Katika miezi mitatu amepata herufi kumi na moja. Kuna siku huzipoteza tatu kati ya hizo, naye hurudi nyumbani akalala na viatu.

Jumatatu ijayo yeye na wifi yake watakwenda kumwona tajiri mwenye lori. Kijana hajui. Wataomba apewe kazi ya ghalani, ya kupokea mizigo, hata kama ujira ni nusu. Wifi ndiye atakayeongea.

"Mimi nitakaa tu pale kwenye kiti," anasema Mama Kadi, akiirudisha kadi kwenye droo kwa kupapasa ukingo wake. "Akitaka kujua macho ya kijana yanaelekea wapi, aniangalie."

Na tajiri akimfukuza kabisa?

Anasukuma droo mpaka inagonga mwisho.

"Basi atakuwa hana kazi," anasema. "Baba yake alikuwa nayo."