Mlango wa Mbele na Geti la Nyuma

Sifa ni zake Mungu, aliyefinyanga udongo wa kila rangi na kuupulizia pumzi moja. Amenijalia uzee na wajukuu, na amenihifadhia kumbukumbu ya mama mmoja wa Bukima. Sipendi nizikwe nayo, ndiyo maana naiandika.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipoanza kufunguliwa. Tulikuwa tumetoka katika miaka ya kupanga foleni kwa ajili ya sabuni na sukari, miaka ambayo hata sanda ilikuwa ya kutafutwa, na kiwanda cha minofu ya sangara kilipofunguliwa Musoma tulikipokea kama wakulima wanavyopokea mvua. Mimi nilitoka kwetu Butiama, nikapanga chumba Nyasho, nikapata kazi kwenye mitambo ya barafu. Jumapili nilikuwa katekista. Na kwa kuwa mapadri walinisomesha, Kiingereza nilikijua, hivyo mara kwa mara niliitwa ofisini kutafsiri.

Kiwanda kilikuwa na njia mbili za kutokea. Mlango wa mbele ulikuwa wa wageni wa ng'ambo, weupe wote, kuanzia meneja mpaka fundi kijana aliyefika juzi. Geti la nyuma lilikuwa letu sisi Waafrika, na hapo kila mmoja alipekuliwa akitoka, asije akawa ameficha mnofu mwilini. Mhasibu wetu, mtu mzima mwenye diploma na tai shingoni, alipekuliwa. Fundi kijana hakupekuliwa. Hakuna aliyetutukana. Meneja mwenyewe alikuwa mtu wa adabu, akitusalimia kila asubuhi kwa Kiswahili chake kidogo. Ni utaratibu tu uliowekwa hivyo, nasi tuliuzoea kama tulivyoizoea harufu ya samaki kwenye nguo zetu.

Wanawake walikuwa na askari wao wa kike wa kuwapekua. Huyo akaenda Bunda kumuuguza mama yake, na kiwanda hakikuweka mwingine. Askari wa kiume, kijana mpole, akaamriwa apekue watu wote. Alifanya kazi hiyo kwa aibu, akipapasa kwa mgongo wa kiganja huku macho ameyaelekeza juu. Wanawake walimtania ili wajiondolee aibu na wao. "Shemeji," walimwambia, "huko mawinguni hakuna sangara."

Sasa yule mama wa Bukima, mjane, mkata minofu, alikuwa mama mkwe wa askari huyo. Siku zote walifanya zamu tofauti, mpaka mama alipohamishiwa zamu ya mchana. Kwetu mwanamume hamshiki mkono mama mkwe wake, wala hali naye sahani moja. Wakikutana njiani, mmoja hupisha pembeni. Jioni ile mama alipofika getini, mkwewe aliweka rungu chini, akageuka akatazama ukuta. Mama akapita. Msimamizi wa zamu, mmoja wa wale wageni, aliona kila kitu, na kesho yake wote wawili wakasimamishwa kazi. Nyumba yao ilikuwa inategemea kazi hizo mbili, na binti wa mama yule alikuwa mjamzito.

Niliitwa kutafsiri. Nilimweleza meneja desturi yetu, naye, namshukuru Mungu, alisikiliza kwa makini. Akasema anasikitika, hakujua. Kijana angerudi kazini, na mama, kwa heshima, tangu siku hiyo atokee mlango wa mbele bila kupekuliwa. Mimi nilishusha pumzi. Niliona yamekwisha.

"Mwambie nashukuru," mama aliniambia. "Halafu muulize, hao wa mlango wa mbele huwaga wanapekuliwa na nani?"

Meneja akajibu kwamba hawapekuliwi.

"Kwa nini?"

Akasema ndivyo alivyokuta.

"Basi mwambie huo mlango utanitoa mimi tu, wenzangu utawaacha. Nitapita huko siku ambayo kila mtu atapita. Mwanamke apekuliwe na mwanamke, mwanamume na mwanamume, mweusi na mweupe, na yeye mwenyewe akiwemo. Akiona haiwezekani, mimi narudi Bukima kupalilia mihogo."

Nilimnong'oneza, "Mama, nipunguze makali kidogo?"

"Katekista, Injili huwaga unaipunguza?"

Nikatafsiri yote.

Meneja hakukasirika, lakini hakukubali pia. Alisema atafikiri, na kwa kuwa mama amekataa nafasi aliyopewa, wote wawili wasubiri nyumbani. Mama akaaga vizuri, akatoka kwa geti la nyuma.

Habari zilifika kwenye meza za kukatia kabla sijarudi kwenye barafu yangu. Hakuna aliyepaza sauti wala kuacha kazi. Lakini jioni kengele ilipolia, wanawake walivua aproni, wakazunguka jengo, wakapanga mstari mbele ya mlango wa mbele. Miaka ya sukari ilikuwa imetufundisha kupanga foleni bila kusukumana. Kila mmoja alifungua mfuko wake akauweka miguuni, akasubiri. Nasi wanaume tukaunga nyuma yao, na mhasibu na tai yake.

Meneja akatoka na mkoba wake, funguo za gari mkononi. Aliitazama foleni toka mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa naomba moyoni, na sikujua niombe nini. Kisha akatembea mpaka mwisho wa mstari, akasimama nyuma ya mfagizi, akafungua mkoba wake akauweka chini.

Ilimlazimu mtu aanze kupekua. Mwanamke mzee kuliko wakata minofu wote alijitolea kwa wanawake wenzake. Ilipofika zamu ya wanaume, wakamnyooshea kidole mhasibu, naye akapekua mpaka akamfikia meneja. Mhasibu akachungulia mkobani: karatasi, mkate ulioumwa upande mmoja, na soksi. "Haya baba, pita," akasema, na hata meneja akacheka.

Mama alirudi kazini na mkwewe pia. Askari wa kike akaajiriwa, na tangu hapo tukatokea mlango mmoja sote, tukipekuliwa sote. Mengine yalichelewa. Usimamizi wa zamu ulibaki wa wageni kwa miaka, mpaka mama huyo huyo alipokuwa Mwafrika wa kwanza kupewa kazi hiyo.

Mjukuu wake alipozaliwa, alibatizwa kanisani Nyegina, nami nilikuwepo. Mkwe alisimama upande mmoja wa kisima cha ubatizo na mama mkwe upande wa pili, kila mtu na heshima yake, wakitabasamu bila kutazamana. Nimesoma mengi juu ya upole katika Maandiko. Sikuwahi kuuona umesimama wima kama kwa mama yule.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe kazi isiyokudhalilisha na ulimi wa kuuliza kwa adabu, na mlango atakaokufungulia, awafungulie na wenzako. Amina.