Nilivyowanenepesha Malkia

Nimerudi likizo, na kabla sijatua mzigo nimeshaudhiwa. Kutoka Bukoba hadi hapa Nyaishozi nimetembea siku nne, vidole vyote vina malengelenge, halafu mtu wa kwanza kukutana naye njiani ni binti wa mhunzi, anatoka mtoni na mtungi kichwani. Amerefuka siku hizi. Alikunja goti kama inavyotakiwa, akasema, "Shikamoo, mwalimu," kisha akacheka mpaka maji yakammwagikia mgongoni. Hilo neno mwalimu alilivuta makusudi. Anajua anachonikumbusha. Nawe, ndugu yangu, kwa kuwa umeshakaa na ndizi bado hazijaiva, acha nikusimulie, angalau mtu mmoja ajue kwamba kosa halikuwa langu peke yangu.

Miaka ile nilikuwa na umri kama wa miaka kumi na mitatu. Shule yetu ilikuwa banda la miti na udongo, limeezekwa nyasi, na mvua ikinyesha tulihama na vibao vyetu kutoka kona moja hadi nyingine kama kuku. Upande mmoja jirani alichemsha kahawa ya kutafuna pamoja na majani yake yenye harufu nzuri, na harufu ile iliingia darasani wakati wa hesabu, ndiyo maana hesabu sijui mpaka leo. Upande wa pili mhunzi aligonga chuma tangu asubuhi. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa pwani, amevaa kanzu nyeupe katika nchi ya tope jekundu, na kila alipoletewa ndizi na maharage alishusha pumzi, akatutajia samaki wa baharini na nazi, vitu ambavyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuviona. Tulimwonea huruma. Fimbo yake hatukuionea.

Basi ikaja habari kutoka boma kwamba mke wa Bwana Mkubwa wa Kidachi, yaani Mjerumani, atapita kwetu, na kwamba memsahibu huyo anapenda sana habari za wanawake wakuu wa zamani. Watoto wadogo wamsimulie malkia watatu: malkia wa Sheba, malkia wa Misri, na malkia wa Wadachi wenyewe, ambaye picha yake ilikuwa imetundikwa ukutani, mchwa wameanza kuila pembeni. Mwalimu alikuwa na wakubwa wa kuwafundisha kuandika, kwa hiyo wale wadogo kumi na mmoja akanitupia mimi. Akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Wakiweza, nakuandikia barua ya kwenda shule ya Bukoba. Wakishindwa, mbuzi wa baba yako wanakungoja."

Wale mbuzi nilikuwa nawafahamu mmoja mmoja. Baba alikuwa ameshakata na fimbo ya kuchungia, ameiegemeza mlangoni, akiitazama kila nilipotoka kwenda shule. Nikaanza kufundisha siku hiyohiyo.

Nikawakalisha chini, nikawaambia kwamba malkia wa Sheba alisafiri safari ndefu kwenda kwa mfalme Sulemani, akaingia katika jumba lenye sakafu ya kioo, akadhani ni maji, akapandisha nguo asilowe. Kisa kizuri. Mwalimu alipokisimulia mwenyewe, wakubwa waliacha hata kujikuna. Wadogo wakanitazama kama nimewadanganya bei ya chumvi. Binti wa mhunzi, ambaye wakati huo hakufika hata kiunoni mwangu, akauliza alipandishaje nguo.

Nikamwambia, kwa mikono.

"Yaani alikuwa amesimama?"

Nikasema ndiyo, alikuwa amesimama, ametembea kuingia. Wakacheka wote kumi na mmoja. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mjinga, kwamba aliyetembea alikuwa mjakazi, malkia lazima alibaki kwao.

Wiki nzima ilikwenda hivyo. Nikisema malkia wa Misri alipanda mashua, wanauliza nani alimbeba. Nikiwaonyesha picha ya malkia wa Wadachi, kiuno kimebanwa kama cha nyigu, wanasema kwa huruma kwamba mama huyu anaumwa. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Niliwanyima senene wa kukaanga niliokuwa nimewaahidi, nikawala mwenyewe mbele yao, na hata hilo halikusaidia.

Na aliyewaharibu alikuwa nyumbani kwetu. Bibi yangu, alipokuwa msichana, alikuwa miongoni mwa waliopeleka maziwa kwa wake wa mfalme kule Bweranyange. Watoto wote wa kijijini walikuja kumenya ndizi na kupukuchua maharage uani kwake kwa sababu mikono ikifanya kazi, mdomo wake nao ulifanya. Aliwaambia wake wa mfalme walinyweshwa maziwa kutwa, kibuyu baada ya kibuyu, na aliyekataa alisimamiwa na fimbo, mpaka wakanenepa wasiweze kuinuka, wakajikokota mikekani. Huo ndio ulikuwa uzuri wenyewe. "Malkia hatembei," alikuwa akisema, "nchi ndiyo inayomwendea." Halafu ikaja tauni ya ng'ombe, mazizi yakabaki matupu, na hapo alisema kwa sauti ya chini: mwaka ule ng'ombe walipokufa, wake wa mfalme walijifunza kutembea. Mimi nilizaliwa baadaye. Sikumwona hata mmoja, na wale wadogo ndiyo kabisa, lakini jaribu kuwaambia hivyo.

Zilipobaki siku tatu, nikachoka. Wakitaka wanene, nikasema, watakula unene. Nikamnywesha maziwa malkia wa Sheba, nikambebesha watu wanane. Sakafu ya kioo nikaiacha, maana ingepasuka. Malkia wa Misri nikamnenepesha zaidi, na nikawaeleza ndiyo sababu nyoka wa kwenye kisa chake alimuuma: wenzake wote walikimbia. Kuhusu malkia wa Wadachi nikasema tu kwamba kwao kuna mwaka mbaya. Ndugu yangu, walishika vyote kwa asubuhi moja, bila fimbo, bila senene.

Memsahibu alifika, mwembamba, amebanwa kiuno vilevile kama kwenye picha, Kiswahili chake kizuri kuliko cha baba yangu. Wadogo wakasimama mbele yake wakamwaga yote: maziwa, wabebaji wanane, nyoka na waliokimbia. Nilimwona mwalimu akibadilika rangi, mkono unatafuta fimbo ambayo alikuwa ameificha kwa ajili ya mgeni. Memsahibu akanyoosha kidole kwenye picha, akauliza na huyu je? Binti wa mhunzi akaitazama picha, akamtazama yeye, kiuno kwa kiuno, akamsogelea.

"Pole, mama," akasema. "Kwenu nako ng'ombe walikufa?"

Mimi niliwasikia mbuzi wakilia, ingawa hawakuwapo. Memsahibu hakucheka. Akauliza watoto wametoa wapi haya. Mwalimu akanitaja mimi upesi sana kwa mtu wa umri wake, nami nikamtaja bibi yangu upesi vilevile, pamoja na barua niliyoahidiwa. Memsahibu akasema, "Nipelekeni kwake. Akinieleza vizuri, mwalimu, huyu kijana mwandikie barua yake."

Kwa hiyo nikawa mkalimani. Bibi alikuwa uani anapepeta maharage. Aliposikia mgeni anataka habari za mwanamke mkuu kuliko wote wa zamani, yaani mama yake mfalme, aliweka ungo chini, akajifunga vizuri nguo yake ya gome, akakaa mkao ambao sikuwahi kumwona nao. "Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo mabibi wanavyowaita wajukuu, "usiniharakishe."

Akaanza. Alisema mengi juu ya mama huyo, aliyekaa nyuma ya pazia la matete na kuamua kesi zilizowashinda wanaume, na nani alimjibu vibaya, na mama mwenyewe akamjibu nini. Alisema kwa Kinyambo cha ikulu ambacho hata mama yangu hakukitumia. Jua likahama kutoka mlangoni hadi kwenye migomba. Na mimi? Mimi nilikuwa nawaza barua. Nilikuwa nawaza kwamba memsahibu akichoka ataondoka, na mwalimu atasahau. Bibi alipomaliza habari ndefu kama njia ya kwenda Kibingo, nikageuka nikasema, "Anasema alikuwa mkali." Akaendelea tena, nikasema, "Anasema watu walimwogopa."

Memsahibu, aliyekuwa akiandika kitabuni mwake, aliinua kalamu. "Mbona yeye amesema mengi, na wewe machache?"

"Lugha yetu ndiyo ndefu, memsahibu," nikamjibu, na nilijiona mjanja kupita kiasi.

Kuna mahali bibi aliinamisha kichwa, akafuta macho kwa ncha ya nguo. Nikamwambia mgeni kwamba ni moshi.

Barua niliipata siku ileile. Ile fimbo ya mlangoni baba akampa mdogo wangu, na mimi nikaenda Bukoba ninakosoma mpaka sasa, nikiwaudhi walimu wengine. Bibi alifariki kabla ya masika haya, sikuwahi mazishi yake. Ua wake umeota majani, watoto humenyea ndizi kwa mama zao, na nimewauliza wawili watatu kuhusu wake wa mfalme, wakanishangaa. Mwezi uliopita shuleni tulipewa kazi ya kuandika juu ya malkia mmoja mkuu. Juu ya yule wa Sheba nilijaza kurasa mbili bila kuinua kichwa. Nikataka kuongeza wetu, yule mama yake mfalme, nikaandika kwamba alikuwa mkali, kwamba watu walimwogopa, nikakaa na kalamu mpaka wino ukakauka. Yule mama alimjibu nini mtu aliyemkosea? Sijui. Memsahibu naye hajui, kitabu chake kimejaa maneno yangu. Tulikaa watatu uani pale, na ni mimi peke yangu niliyeelewa pande zote mbili, nami ndiye niliyekuwa nangoja bibi anyamaze.