Tope la Nyambureti kwenye Mashine ya Mogesi

Mogesi hakai. Hata chai anakunywa amesimama, kikombe mkono mmoja, spana mkono mwingine. Nauza matairi ya mtumba jirani yake hapa Sirari tangu enzi zile akiyavusha mwenyewe kutoka Isebania, ng'ambo ya mpaka, kwa kuyabingirisha, na sijawahi kuona kiti chake kikipata joto.

Mashine ya kubalansi magurudumu aliinunua kwa fundi wa ng'ambo aliyekuwa anafunga gereji. Alikataa bei asubuhi, akaikataa mchana, jioni yule bwana akachoka, akamwachia pamoja na boksi zima la vipande vya risasi vya kuongezea uzito. Kazi yenyewe haina uchawi. Unafunga gurudumu, linazunguka, mashine inakuonyesha upande mwepesi. Unagonga kipande cha risasi kwenye ukingo wa rimu, unazungusha tena mpaka isome sifuri. Gurudumu lenye upande mzito hutikisa usukani gari likikolea mwendo, na tairi huliwa mabakamabaka.

Mteja wake mkubwa alikuwa Nassib, mwenye pikapu zinazopeleka bidhaa Mugumu na kurudi na mahindi kutoka mashamba ya Nyambureti. Bila Nassib, mashine ile ingebaki chuma cha kuanikia nguo. Kwa hiyo dereva wake, Danford, aliporudi kulalamika kwamba usukani unatetemeka tena, Mogesi aliweka chai chini. Akabalansi upya, na bado gari likarudi. Safari hii alikuja Nassib mwenyewe. Hakufoka.

"Dada Mogesi, kesho gari hili linakwenda Musoma. Likitetemeka, magari yangu yote nayahamishia Isebania."

Alipoondoka tu nikamsogelea Mogesi, nikampa bei ya mashine. Sioni aibu, chuma kikilia, mnunuzi husogea. Akanitazama juu mpaka chini.

"Mzee Machage, ng'ombe hajafa, wewe umeshanoa kisu?"

Asubuhi Danford alileta pikapu inang'aa. Madereva wa hapa wana adabu moja: gari haliendi chafu kwa fundi, tena fundi akiwa mwanamke ndiyo kabisa. Hupita kwanza kwa Heche, muosha magari wa upande wa pili wa barabara, likapigwa maji mpaka rimu zinawaka. Mogesi akabalansi magurudumu yote, mashine ikasoma sifuri. Lakini hakumwachia dereva aende. Alivua ovaroli, akapanda mbele, akasema anataka kuusikia huo mtetemo kwa makalio yake. Nami nikapanda nyuma. Nilitaka kuwepo bei ya mashine ikishuka.

Kuelekea Tarime gari lilitulia kama mgeni msibani. Jua likapanda, Danford akabana breki mteremkoni mara kadhaa, na tulipofika kwenye lami iliyonyooka usukani ukaanza kucheza mikononi mwake. Akamtazama Mogesi. Mogesi akamwambia asimame. Akaingia chini ya gari na kitenge chake kizuri, akapitisha mkono nyuma ya rimu, upande ule ambao macho hayafiki.

Alitoka na bonge la udongo mweusi, juu limekauka, ndani bado bichi. Pembeni palikuwa na pengo, mahali bonge jingine lilipobanduka.

Akaligeuzageuza. Heche alikuwa anaosha uso wa rimu tu. Tope la Nyambureti lililoshika nyuma lilikuwa linalowa na kuganda vizuri zaidi, nalo likapanda mashineni kama sehemu ya gurudumu. Njiani jua na joto la breki vikalikausha, likadondoka, risasi zikabaki zinasawazisha kitu ambacho hakipo.

"Kumbe nilikuwa nabalansi shamba," alisema.

Tuligeuza mbio. Magurudumu yakatolewa, yakasuguliwa nyuma kwa brashi ya waya na kufutwa yakakauka. Akang'oa risasi zote za zamani, akachokoa vijiwe kwenye meno ya tairi, akapima upepo, ndipo akawasha mashine. Nassib alikuwa ameshafika, anatazama saa. Akachukua usukani mwenyewe, akaondoka bila kuaga.

Siku hiyo Mogesi hakuweza kushika kazi. Alikwenda barabarani akarudi, akaenda tena, mpaka nikamwambia atachimba mfereji. Nassib si mtu wa kusema asante. Jioni pikapu zake nyingine zilikuja zikapanga foleni, kila moja na tope lake.

Heche alivuka kuja kulalamika, maana madereva walikuwa wamekatazwa kuosha kwanza. Wakabishana kidogo na Mogesi, wakapatana: aje na brashi yake, asugue rimu zikiwa zimeshatolewa, ndani na nje, na mwenye gari amlipe.

Nikaona biashara imeota mguu wa pili. Nikaongeza bei yangu ya mashine.

"Ongeza tena, mzee," Mogesi akasema, hajainua macho kwenye tairi analolichokoa, "halafu nenda kauze matairi."