Nilipaka Nyumba ya Mama Feza Rangi Nyekundu

Nimekosa. Naanza na neno hilo kwa sababu ndilo lililonishinda kusema muda wote huu, mimi ambaye maneno hayajawahi kunipungukia. Msitafute jina langu. Kijiji sitakitaja, na majina ya watu nimeyabadilisha yote. Nisikilizeni tu.

Mnijue kidogo kwanza. Nimezaliwa Likasi, huku Kongo. Baba alivunja mawe kwenye machimbo ya Kakontwe mpaka mgongo ukamkatalia. Sikuwa na mjomba mkubwa wala padri wa kunishika mkono. Nilivuka kwenda Zambia na begi moja, nikaosha magari, nikabeba saruji, nikasoma jioni huku nasinzia, na baada ya miaka tisa nikarudi na diploma ya afya ya jamii. Ya kweli, yenye muhuri! Katika avenue yetu nzima hakuna mwingine aliyefika hapo kwa miguu yake. Nalisema bila haya, maana nimelitolea jasho.

Nikapata kazi ya kusimamia wanafunzi wa udaktari. Kila mwaka tunawatoa mjini na kuwapeleka kijijini wiki sita. Wanalala huko huko. Kila mmoja anapewa familia tano, anazitembelea, anakaa nazo jikoni, anateka nazo maji, ili aone ugonjwa unaanzia wapi kabla haujafika kwenye kitanda cha hospitali. Ni kazi nzuri. Naiamini hadi leo, ndiyo maana inaniuma hivi.

Mwaka huo tulikwenda kijiji kimoja upande wa Kapolowe, si mbali na ziwa. Nyumba hamsini hivi, kanisa dogo, pampu moja ya maji, na kituo cha afya nje kidogo ya kijiji, chenye muuguzi mmoja.

Kati ya wanafunzi wangu alikuwemo binti mmoja, nitamwita Nadège. Baba yake ni dereva wa lori. Mpole mno, mpaka nikadhani ni mzito wa akili. Wenzake walijaza fomu zao zote wiki ya kwanza. Yeye fomu ya Mama Feza aliirudisha kwangu nusu tupu.

Mama Feza alikuwa mjane mwenye mabinti wawili, akiishi kwenye kiwanja cha ndugu za marehemu mumewe. Alikausha samaki na kuwauza kando ya barabara kuu. Wiki mbili nzima hakumwambia Nadège lolote la maana, na Nadège hakumuuliza. Alikuwa anakaa tu naye, anamsaidia kugeuza samaki juu ya moshi, macho yanawatoka machozi wote wawili, wanachekana.

Nikamgombeza. "Ulikuja kusoma udaktari ama kuuza samaki?"

"Chef, nipe siku kidogo," akanijibu. Chef, yaani mkubwa, ndivyo walivyoniita wote.

Wiki ya tatu mama akafungua moyo mwenyewe. Alikuwa na kifua kikuu. Yuko mwezi wa pili wa dawa. Kila asubuhi alibeba bidoni, dumu la maji, ili majirani wadhani anakwenda pampuni, kumbe anapitia kituo cha afya kumeza dawa mbele ya muuguzi. Hakuna aliyejua, hata shemeji yake. Kwetu mtu akisikia kifua kikuu, anasikia ukimwi, au anasikia uchawi. Na nani atanunua samaki wa mtu kama huyo?

Nadège aliandika hayo kwenye daftari, akaniletea, kama utaratibu unavyotaka.

Mimi nilifurahi. Ee Mungu, nilifurahi! Sikufurahi kwa ajili ya mama aliyekuwa anapona. Nilifurahi kwa sababu ramani yangu ilikuwa bado haina rangi nyekundu.

Niwaeleze hiyo ramani. Wiki ya mwisho wanafunzi huwarudishia wanakijiji yale waliyojifunza kwao. Safari hiyo wakubwa wa chuo walikuwa wanakuja kuangalia, na mimi nilitaka waone mtoto wa mvunja mawe anafanya kazi ya namna gani. Nikachukua karatasi kubwa kama shuka, nikachora kijiji kizima kwa mkono wangu. Kila nyumba mraba mmoja. Buluu, nyumba isiyo na choo. Njano, watoto hawajamaliza chanjo. Nyekundu, kifua kikuu. Ilikuwa nzuri! Hata sasa nikifumba macho naiona ilivyokuwa nzuri.

Na nilifundishwa, tena kwa maneno yaliyo wazi, kwamba ramani ya namna hiyo ni ya timu peke yake. Inafungiwa kabatini. Wanakijiji unawapa hesabu ya jumla tu. Nilijua! Sitajificha nyuma ya kutojua.

Asubuhi ya mkutano Nadège akanifuata nikiwa napigilia ramani kwenye ubao.

"Chef, ile karta, bantu batajua."

"Batajua nini? Onyesha miye jina moja hapa. Moja tu!"

"Jina haiko. Lakini nyumba iko."

"Docta," nikamwita hivyo kwa kumcheka, "weye ukimaliza masomo, ndipo utakuya kunifundisha. Leo nisaidie kubeba ubao."

Akabeba. Alikuwa mwanafunzi wangu, angefanya nini?

Kanisa lilijaa. Wakubwa wa chuo walikaa mbele kwenye viti vya plastiki. Nikaeleza rangi, nikaeleza miraba, nikatembeza fimbo juu ya karatasi kama profesa. Nikasema kwa sauti: "Hapa hatujaandika jina la mtu. Siri ya kila mmoja imelindwa." Nilisema maneno hayo kwa kinywa hiki!

Haikupita dakika mbili. Mzee mmoja nyuma akapaza sauti: "Eh, Papa Kalenga! Nyumba yako iko bleu! Sasa weye unaendaka wapi?"

"Ninaendaka kwako, nyuma ya mihogo," Papa Kalenga akajibu. "Haujaonaka mihogo yako inavyonenepa?"

Kanisa lote likapasuka kwa kicheko. Mwingine akatafuta nyumba ya chifu, naye akaikuta ya buluu, vicheko vikazidi. Wakubwa walicheka pia. Mmoja akaniinamia: "Hii ndiyo jamii inayoshiriki." Nikavimba. Sikuona kwamba watu walikuwa wanaisoma ile ramani haraka kuliko mimi niliyeichora.

Kisha mwanamke mmoja akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayetegua kitendawili: "Na ile nyekundu? Iko moja tu. Kanisa ni hapa, pampu ni hapa, inapita kwa Mama Ngoie, halafu..." Kidole chake kilikuwa kinatembea hewani. Kikasimama.

"Ni kwa Mama Feza," akasema mwingine.

Mama Feza alikuwa amekaa safu ya tatu, beseni la samaki miguuni, kwa sababu alipanga kwenda barabarani tukimaliza. Watu waliokaa naye kwenye benchi walisogea. Huku mmoja, huku mmoja. Benchi likabaki na yeye katikati.

Alifunika beseni kwa kitenge, akalibeba, akatoka. Hakuniangalia. Alimwangalia Nadège.

Ningenyamaza wakati huo, labda ingebaki tetesi. Lakini mimi ninyamaze? Nikapandisha sauti nikaanza kutoa somo: jamani, mtu wa kifua kikuu akishameza dawa wiki kadhaa haambukizi tena, msiogope, samaki hawana shida! Kila neno lilikuwa kweli. Na kila neno lilithibitisha kwamba ni yeye. Nadège alikuwa amefunika uso kwa mikono.

Wakubwa walipiga makofi. Wakapiga picha za ramani kwa simu zao, wakapanda gari, wakarudi mjini.

Sisi tulibaki siku chache kufunga ripoti, kwa hiyo niliona yote. Siku ya kwanza Mama Feza alirudi na beseni limejaa kama alivyoondoka nalo. Siku ya pili vilevile, na inzi juu yake. Siku ya tatu nikakata shauri la kishujaa: nikaenda barabarani, nikanunua samaki watatu, nikawala palepale mbele za watu, nikilamba vidole!

Kijana mmoja muuza mkaa akaniangalia mpaka nikamaliza. "Weye kula tu, patron," akasema. "Weye iko na dawa za mujini. Shiye ba hapa tutakimbia wapi?"

Wenzake wakacheka. Mama Feza hakucheka. Alinirudishia chenji kwa kuiweka chini ili nisiguse mkono wake.

Hilo la chenji nashindwa kulisahau.

Nilikwenda kwa shemeji yake. Nilivaa shati jeupe, nikakaa, nikaongea saa nzima. Mzee alinisikiliza kwa heshima zote. Kisha akasema: "Papa, umeongea muzuri. Lakini batoto ya kaka yangu batalala kwa bibi yabo. Na yeye atakula na sahani yake." Nikaaga, nikatoka. Diploma yangu yote iliishia kwenye kizingiti cha nyumba ile.

Siku ya tano mlango wa Mama Feza ulikuwa wazi na ndani hamna kitu. Alikuwa amewachukua mabinti zake alfajiri, akadandia lori la watu wa Kambove, huko kwenye machimbo ya shaba.

Nilimkuta Nadège amesimama pale mlangoni. Nilitarajia anitukane. Ningependa anitukane! Akasema tu: "Nilikaa wiki mbili bila kumuuliza kitu, Chef." Tangu siku ile ananijibu ninapomsemesha, basi.

Mnataka kujua niliadhibiwaje? Nilipewa barua ya pongezi. Ramani safi, jamii imeshiriki. Nilipojaribu kumweleza mkubwa mmoja kilichotokea, alinigonga bega: "Usijisumbue, hayo ni mambo ya kijijini." Nilimwomba afute ile picha kwenye simu yake. Akacheka, akasema ameshaituma kwa wenzake.

Mwaka uliofuata tulirudi na wanafunzi wapya. Milango ilifunguliwa kwa adabu na ikafungwa kwa adabu. "Shiye bote tuko bazima." Nyumba hamsini, wazima wote! Baba mmoja alikohoa mbele yetu mpaka akashika ukuta, akasema ni tumbaku. Wanafunzi walirudi na fomu zisizo na kitu, na safari hii sikuwa na wa kumgombeza.

Muuguzi wa kituo alinipeleka chumbani kwake, akafungua kabati. Boksi la dawa za Mama Feza lilikuwa bado pale, jina lake ubavuni, dawa za miezi minne ndani. "Mpaka lini nimungojee, Chef?" Nilimwambia angoje. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Nimekwenda Kambove mara sita. Nimetembea mpaka wanakochimba, mpaka mtoni wanawake wanakoosha mawe ya shaba, wakiwa vumbi kuanzia nywele hadi kucha. Kila ninapouliza, wananiuliza: "Unamutafuta juu ya nini?" Hapo ulimi unagoma. Nikisema juu ya nini, na huko nako watasogea kwenye benchi. Nisiposema, wananiona mume aliyekimbiwa au mdai, na wanamficha. Mara ya mwisho nilimsikia mwanamke akikohoa nyuma ya turubai, kikohozi kirefu. Sikuthubutu hata kuita. Nikaondoka.

Wewe unayewapeleka vijana kujifunza udaktari vijijini, nakuomba, nakupigia magoti mimi nisiyejua kupiga magoti: ulichoambiwa jikoni kiache jikoni. Usifurahie ugonjwa wa mtu kwa sababu unajaza karatasi yako. Na mwanafunzi mpole akikwambia ngoja, ngoja!

Na wewe uliyeko Kambove ukasoma haya, usimtafute. Usimkazie macho mama yeyote anayekohoa, wala usimuulize katoka kijiji gani. Unapokuwa mtoni, au unapongoja lori, sema tu kwa sauti, mbele ya watu wote, kama unayezungumza habari zako mwenyewe, kwamba dawa za kifua zinatolewa bure, na hata aliyeacha katikati anapokelewa.

Sema kila siku. Huenda yuko karibu anasikia.